Nimempata babu aliyebaki Burma

Hatimaye nimempata kaka yake babu, aliyekwenda vita vya Burma (Myanmar ya leo) wakati wa Vita Kuu ya Pili asirudi. Nilimtafuta kwa jina nikamkosa, kwani karani aliliandika kama alivyolisikia. Kilichonisaidia ni namba yake ya jeshi, imeandikwa kwa penseli nyuma ya picha, tarakimu moja karibu kufutika. Kwenye kumbukumbu za Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola nikaona kikosi, cheo, tarehe aliyofariki. Kaburi lake halijulikani. Jina limechongwa kwenye mnara wa kumbukumbu ulio makaburi ya Taukkyan, huko huko Burma, wenye majina karibu 27,000. Mama alilia, nami nikalia. Mwenye namba ya jeshi ya mzee wake aanze nayo. Kumbukumbu hizo ni za waliofariki tu. Aliyerudi salama atafutwe kwenye nyaraka za kikosi chake.