Ndege ya euro 15 kwenda Milano

Tiketi iliandikwa Brussels hadi Milano, na miji yote miwili ilikuwa uongo. Hii ni Desemba 2018, nasoma Leuven kule Ubelgiji, binamu yangu yuko Milano akaniambia dogo njoo ule Krismasi huku utakufa na baridi peke yako hapo hosteli, nikaperuzi kwenye simu nikakutana na euro 15 ya Ryanair, shirika la ndege la bei chee. Kumi na tano! Nikalipa chap kabla hawajashtuka. Kumbe hiyo Brussels yao ni Charleroi, saa nzima kwa basi kutoka stesheni ya Midi ya Brussels yenyewe, na basi lenyewe lilikula karibu hela ileile ya ndege, na hiyo Milano ni Bergamo, kilomita kama 50 kutoka Milano yenyewe. Yaani uuziwe tiketi ya Dar halafu ushushwe Mlandizi, na ulikopandia nako Mlandizi.

Mimi ndege nilizozijua ni zile za kutoka nyumbani. Unasindikizwa na nusu ya ukoo hadi uwanja wa Nyerere, bibi anakusomea dua mpaka mnaitwa, ndani unapewa blanketi, wali na kuku, juisi ukiomba tena unaongezewa na tabasamu juu. Charleroi wakanitoa ushamba mapema sana. Kwanza wakati huo kama pasipoti yako si ya Ulaya ulipitia kaunta fulani, ukaonyesha pasipoti na kadi ya ukaazi, wakakupigia muhuri kwenye karatasi ya kupandia ndege, na hapo ujue safari nzima iko ndani ya Schengen, zile nchi za Ulaya zisizokaguana pasipoti mipakani, huko unakoenda hakuna uhamiaji wala nini. Wenye pasi za Ulaya walipita na simu zao tu. Nikapanga foleni na jamaa wa Moroko na Mhindi mmoja aliyekuwa anaangalia saa kila dakika, tukapigwa mihuri yetu, maisha yakaendelea.

Sasa getini. Mwezi mmoja kabla ya hapo kampuni ilikuwa imebadilisha sheria ya mizigo, cha bure kikabaki kibegi kimoja cha sentimita 40 kwa 25 kwa 20, kadiri ya begi la mtoto wa chekechea, na kisipoingia kwenye kile kikapu cha chuma cha kupimia ulilipa euro 25 hapohapo. Wakati tiketi ni 15! Watu walikuwa wekundu kwa hasira. Na katikati ya hiyo vurugu nikamwona mama mmoja mtu mzima amepiga magoti sakafuni, kafungua begi lake la kitambaa, anavaa. Namaanisha anavaa kila kitu. Sweta juu ya sweta, koti juu yake, halafu akaanza kufunga vitenge kiunoni, kimoja juu ya kingine, vile vya nta vizito, anakaza, anavuta kingine, huku anaongea peke yake, "Euro makumi mbili na tano? Hapana. Nitavaa yote."

Nikasogea. Shikamoo mama, nikusaidie? Akainua kichwa.

"Weye! Uko mutu ya wapi?"

"Tanzania mama, Tanga."

"Mimi ni wa Bukavu. Shika hii."

Akanitia mkononi furushi limefungwa kwa foili, akanionyesha mfuko wa ndani wa koti langu, ingiza humo. Sikuuliza. Harufu ilinijibu yenyewe, samaki wakavu wa kukaanga. Begi likaingia kikapuni kwa kukaliwa kidogo, na yule dada wa getini akageukia upande wa pili, nadhani alikuwa anacheka.

Ndege tuliiendea kwa miguu, upepo wa baridi unapiga mpaka kwenye meno, ngazi mbele na ngazi nyuma. Ndani ni Boeing 737 yenye siti 189 na wamezibana kweli, mimi si mrefu lakini magoti yaligusa mbele. Siti hazilali nyuma. Mfuko wa kuwekea vitu hakuna, yale maelekezo ya usalama wameyabandika mgongoni mwa siti ya mbele kwa hiyo utayasoma upende usipende. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba kila kitu ni hesabu, mfuko usipokuwepo hakuna takataka za kutoa, na ndege zao zikitua zinalenga kuruka tena ndani ya dakika 25. Hapo ndipo bei inapopatikana. Kwa kweli akili hiyo niliiheshimu, ila magoti hayakukubaliana nami.

Siti wanakugawia kibahati ukikataa kulipia, mama kapangiwa mbele yangu mistari mitatu. Akamgeukia kijana wa Kiitaliano aliyekaa katikati, akamwambia kwa Kifaransa huyu ni mtoto wangu, tunataka kukaa pamoja. Kijana akamtazama mama, akanitazama mimi, akabeba koti lake akahama bila neno. Hivyo ndivyo nilivyopata mzazi Charleroi.

Tulivyokaa sawa angani likaja toroli, mama akanyoosha mkono kuchukua maji, akaambiwa bei. Aisee. "Maji nayo banauzisha?" Alikuwa na uraia wa Ubelgiji, miaka yote yuko kule, ila safari zake zilikuwa za Kinshasa na Kigali na ndege kubwa, hii aina alikuwa hajaiona. Baada ya maji wakapita na pafyumu, kisha na kadi za kukwangua za bahati nasibu, mama anawafuata kwa macho tu. Kisha akaniambia toa.

Nikatoa. Ni sambaza, wale wadogo wa ziwa Kivu, wamekaangwa wakakauka vizuri na pilipili. Harufu ikaenda siti kwa siti. Dada wa mbele akageuka, mama akamkaribisha, akakataa kwa adabu. Mzee wa Kiitaliano wa dirishani yeye akachukua, akaanza kuwakata vichwa, mama akamshika mkono akamwambia hapana, kichwa ndiyo utamu. Akatafuna. Akaomba tena! Mpaka tunaingia Uswisi foili ilikuwa imebaki na chumvi tu.

Milima ya Alps ikatokea, myeupe mpaka mwisho wa macho. Mama akaniinamia kuchungulia dirishani, akauliza hii yote ni barafu? Nikaanza kujitutumua, nikamwambia mama Kilimanjaro yetu ni mita 5,895, hapa Mont Blanc yenyewe ni kama 4,800 tu. Akafikiria kidogo.

"Lakini yenu iko moja tu. Hii iko mingi."

Sikuwa na jibu.

Kushuka kulikuwa ndani ya ukungu mtupu, tambarare yote ya kaskazini mwa Italia ilikuwa imefunikwa, tukagonga ardhi bila kuiona na abiria wakapiga makofi. Spika zikapiga tarumbeta ya kujisifu kwamba tumefika kwa wakati. Mama akasema hawa watu maji hawatoi, tarumbeta wanatoa.

Bergamo hakuna aliyeniomba karatasi yoyote, nilitoka na muhuri wangu wa Charleroi mfukoni haujaangaliwa na mtu tangu getini. Nje mkwe wa mama alikuwa anasubiri na gari, akamkumbatia, akashangaa alivyonenepa, akauliza mizigo iko wapi. Mama akaanza kuvua palepale maegeshoni, vitenge, koti, sweta, anampakia jamaa mikononi mpaka hawezi kufungua mlango. Kisha akanionyesha mimi, huyu mumupeleke Milano. Wakanishusha mtaa wa Loreto karibu na kwa binamu na hela ya mafuta wakaikataa katakata, kwa hiyo nauli ya basi ilibaki salama. Koti ndilo lililoharibika, nililipeleka dobi nikalipa euro 12 na harufu ya samaki haikutoka yote.