Ngamia wa Qatar katika Mnada wa Msalato

Jumamosi iliyopita nilimsindikiza mjomba wangu kwenda kuuza mbuzi wanne katika mnada wa Msalato, nje kidogo ya katikati ya jiji la Dodoma. Tulipokuwa tukisubiri wanunuzi alinisimulia habari za jirani yake wa huko Bahi ambaye, baada ya ugomvi wa mpaka wa shamba, amewazuia mbuzi wake kupita kwenda bwawani, ingawa watoto wa nyumba hizo mbili wameoana. Nilimweleza kwamba mataifa tajiri ya Ghuba yaliwahi kufanyiana jambo lilo hilo, na kwamba ngamia walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuionja joto ya jiwe.

Tarehe 5 Juni 2017, Saudi Arabia, Falme za Kiarabu, Bahrain na Misri zilikata uhusiano na Qatar, zikaishutumu kwa kufadhili ugaidi, shutuma ambazo Qatar ilizikana, kisha Saudi Arabia ikaufunga mpaka pekee wa nchi kavu ambao Qatar inao. Raia wa Qatar waliokuwa katika zile nchi tatu za Ghuba walipewa siku 14 za kuondoka, wakati koo za Rasi ya Uarabuni zimeoleana vizazi na vizazi. Wafugaji wa Qatar, ambao nchi yao ni ndogo na malisho yake ni haba, walikuwa na desturi ya kuchunga upande wa pili. Nao wakaamriwa kuondoa mifugo yao. Maelfu ya ngamia na kondoo walisukumwa hadi mpakani katika jua kali la Juni, na baadhi yao wakafa. Hapo mjomba aliacha kuwatazama wanunuzi.

Wakubwa wale walitoa matakwa 13, yakiwamo kukifunga kituo cha televisheni cha Al Jazeera, kukiondoa kituo cha kijeshi cha Uturuki na kupunguza uhusiano na Iran. Matokeo yalikuwa kinyume kabisa: Uturuki iliongeza askari na kupeleka vyakula, Iran ikaifungulia Qatar anga yake, na ng'ombe wa maziwa wakasafirishwa kwa ndege hadi Doha. Kuwait na Oman, ambazo pamoja na hao waliogombana, isipokuwa Misri, ni wanachama wa Baraza la Ushirikiano la Ghuba tangu mwaka 1981, zilikataa kuegemea upande, na Amiri wa Kuwait, Sheikh Sabah, akajitwisha kazi ya usuluhishi akiwa mzee wa miaka 88.

Lakini kwangu mimi habari nzito zaidi iko upande wetu wa bahari. Komoro ilikata uhusiano na Qatar. Eritrea iliunga mkono upande wa Saudi Arabia, na Djibouti ikapunguza uhusiano wake na Doha. Qatar, ambayo askari wake walikuwa wakilinda amani kwenye mpaka wa nchi hizo mbili tangu mwaka 2010, ikawaondoa ndani ya mwezi ule ule. Serikali ya Somalia ilitangaza kwamba haina upande, ila majimbo yake kama Puntland na Galmudug yakachagua upande wa Falme za Kiarabu, na ugomvi wa wageni ukageuka ugomvi wa Mogadishu na majimbo yake. Tumezoea kusema kwamba fahali wawili wapiganapo ziumiazo ni nyasi. Nyasi hizi, zaidi ya kukanyagwa, zilitakiwa pia kuchagua fahali wa kumshangilia.

Aprili 2018, maofisa wa Somalia walizikamata dola milioni 9.6 zilizowasili uwanja wa ndege wa Mogadishu kwa ndege kutoka Falme za Kiarabu, na mafunzo ya kijeshi ambayo nchi hiyo ilikuwa ikiwapa askari wa Somalia yakakoma. Mwezi mmoja kabla yake, kampuni ya DP World ya Dubai ilikuwa imeipa Ethiopia hisa asilimia 19 katika bandari ya Berbera, iliyo Somaliland, eneo lililojitangazia uhuru kutoka Somalia, bila ridhaa ya Mogadishu. Kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyosaini mikataba ya bandari ya Dar es Salaam hapa kwetu, Ikulu ya Chamwino, Oktoba 2023. Katika kelele zote za mwaka ule kuhusu mikataba hiyo sikumbuki kumsikia mtu akiitaja Berbera, nami naona ilistahili kutajwa, kwa kuwa mwenye kumkaribisha mgeni hupaswa kuzijua pia kesi zake za nyumbani.

Tarehe 5 Januari 2021, Amiri wa Qatar alitua Al-Ula, Saudi Arabia, akakumbatiwa na Mwanamfalme Mohammed bin Salman wa nchi hiyo, na mpaka ukafunguliwa. Mogadishu ilisubiri mwaka mzima zaidi: Januari 2022 ndipo Waziri Mkuu wa Somalia alipokwenda Abu Dhabi baada ya kuomba radhi kwa ajili ya zile fedha.

"Kwa hiyo mjomba," aliniuliza, akikaza kamba ya beberu aliyebaki, "walioomba radhi ni Wasomali?"

Nikamwambia ndiyo.