Paa wa Thumuni katika Karatasi Nane

Wiki mbili zilizopita jirani yangu hapa Buruburu alinirudishia kitabu cha picha nilichokuwa nimemwazima binti yake wa miaka sita, akakiweka mezani taratibu na kuniambia kwa upole kwamba nyumbani kwao hawasomi mambo ya uchawi. Nilimwelewa. Kwetu mchawi ni mtu anayemdhuru mwenzake gizani, wazee wameuawa kwa kushukiwa tu, na Kenya ina sheria ya uchawi tangu mwaka 1925. Mzazi anayelisikia neno hilo likitajwa karibu na kitanda cha mtoto wake ana haki ya kushtuka.

Hata hivyo, Kiswahili hakikutuachia neno hilo peke yake. Mganga hutibu, mazingaombwe huchezea macho ya watazamaji, muujiza hutoka kwa Mungu, na paa anayesema au chungu kinachojipikia, tangu zama za mabibi zetu, vimekuwa maajabu. Ninaamini kwamba tunapoyaita maajabu hayo uchawi tunawanyima watoto aina ya hadithi inayowafundisha wema vizuri kuliko nyingine yoyote ninayoijua.

Kitabu nilichorudishiwa ni Mufaro's Beautiful Daughters, alichokiandika na kukichora John Steptoe mwaka 1987, akichota baadhi ya sura za michoro yake kutoka magofu ya Zimbabwe Kuu. Mabinti wawili, Manyara na Nyasha, wanataka kwenda kwa mfalme anayetafuta mke. Manyara anatangulia usiku, anampita mtoto mwenye njaa bila kumpa chochote na kumpuuza bibi kizee anayemshauri. Nyasha anampa mtoto yule yule kiazi kikuu na bibi yule yule mbegu za alizeti, kisha anaendelea na safari. Mtoto, bibi na nyoka mdogo wa bustanini ambaye Nyasha alikuwa akimtunza wote walikuwa mfalme mwenyewe, na nyoka huyo, Manyara alipoingia chumbani mwake, alimwona ana vichwa vitano. Hapo ndipo ajabu inapofanya kazi ambayo mawaidha hayaiwezi: mtoto anaiona tabia ya mtu ikigeuka kuwa kitu chenye umbo na rangi. Tena Nyasha hakujua kuwa anatazamwa, na hilo kwangu ndilo kubwa zaidi, kwa sababu mtoto anayesaidia ili aonekane bado hajajua wema ni nini.

Kuhusu adhabu nitasema machache. Katika Strega Nona cha Tomie dePaola, cha mwaka 1975, kijana anayeiamuru sufuria ya ajabu bila kujua namna ya kuisimamisha anaujaza mji mzima tambi. Wanakijiji wanataka kumnyonga, lakini mwenye sufuria anampa uma ili azile zote. Tokeo limezaliwa na kosa lenyewe. Vitabu vinavyonisikitisha ni vile ambavyo mtoto mkorofi anapatwa na balaa lisilohusiana na alichokitenda, kisha ukurasa wa mwisho unatangaza funzo kwa herufi kubwa kana kwamba msomaji alikuwa amelala muda wote.

Jirani alipoondoka niliikumbuka hadithi ya Maskini Hamdani, iliyosimuliwa Unguja na kuchapishwa na mmisionari Mwingereza Edward Steere katika mkusanyiko wake wa mwaka 1870. Hamdani alikuwa akichakura jaani akitafuta punje za mtama, akaokota thumuni, yaani sehemu ya nane ya riale wala si thumni yetu ya senti hamsini, akanunulia paa. Watu walimcheka. Paa yule akasema kama binadamu, akapata almasi, akamposea bwana wake binti wa sultani, akampa jina la Sultani Darai na kumuua nyoka wa vichwa saba ili ampatie nyumba. Kisha paa akaugua. Darai akaamuru apikiwe uji wa mtama duni, akisema kwamba alimnunua kwa thumuni tu. Mkewe alilia na kumsihi, asisikie. Paa akafa, akatupwa kisimani. Asubuhi moja Darai akaamka na kujikuta jaani, anachakura.

Niliamua kuigeuza iwe kitabu cha picha pamoja na binti yangu. Vitabu vingi vya aina hii vina kurasa 32, na karatasi nane zikikunjwa katikati na kubanwa kwa pini zinatoa hesabu hiyo hiyo. Kazi hiyo ilinifundisha kwamba nguvu ya kitabu cha picha imo katika kugeuza ukurasa. Tuliipanga almasi iwe upande usioonekana, ili mkono wa mtoto ndio uifichue. Uji wa mtama tuliutengea kurasa mbili nzima: bakuli dogo upande mmoja, paa amelala upande wa pili, pasipo neno hata moja. Nilitaka kuandika pale kwamba Darai alikosa shukrani, nikafuta sentensi baada ya sentensi, maana bakuli lilikuwa limekwisha kusema. Binti yangu alikataa kabisa kuchora paa akitupwa. Alichora kisima peke yake, na mkononi mwa mke wa Darai kitambaa cha kufutia machozi.

Ukurasa wa 32 nilimwachia yeye. Alirudi ukurasa wa kwanza, akautazama kwa muda mrefu, akachora jaa lile lile, kuku wale wale, mtu yule yule ameinama na vidole vyake vimo majivuni. Nilidhani amemaliza. Akachukua kalamu ya kahawia na kuongeza kile kisima, pembeni kabisa, karibu na ukingo wa karatasi. Nikamwuliza kama Hamdani anakiona.

“Amekipa mgongo, Mama,” akasema. “Bado anatafuta mtama.”