Matembezi katika Msitu wa Białowieża

Basi kutoka Białystok, mji wa kaskazini-mashariki mwa Polandi, lilipita mashamba yaliyokwisha kuvunwa hadi miti ikaziba pande zote mbili za barabara, nasi tukawa tumeingia Białowieża, mojawapo ya masalia machache ya misitu iliyowahi kutanda katika nyanda za Ulaya. Ulikuwa mwezi wa Oktoba, na majani yalikuwa yakipukutika, kwa maana siku zinapofupika mti hurudisha shinani sehemu ya virutubisho vilivyomo majanini, huziba kikonyo, kisha huliachia jani.

Mgeni haruhusiwi kuingia eneo lenye ulinzi mkali la hifadhi hii ya taifa, iliyoanzishwa mwaka 1932, bila mwongozaji mwenye leseni. Wetu, mzee asiye na haraka, alitusimamisha kwenye gogo la mti wenye gome jeupe lililojaa uyoga mgumu wenye umbo la kwato. Kwa kuwa uyoga huo huelekeza chini upande wake unaotoa spora, yaani chembe zake za uzazi, ule ulioota mti ukiwa bado wima sasa ulikuwa umelala ubavu, na ule mpya ulikuwa umekaa sawasawa juu ya gogo. Humo humo, chini ya magome, mabuu ya mbawakawa hutafuna kuni, na vigogota wenye mgongo mweupe huyafuata. Ndiyo maana miti iliyoanguka haiondolewi, na kwa maoni yangu msitu unaofagiliwa kila mara hubaki shamba la mbao tu.

Kesho yake alfajiri, nje ya eneo hilo, tuliwaona baisani, aina ya ng'ombe-mwitu wakubwa, wakila nyasi ukingoni mwa msitu, mafahali wenye vifua vipana na manyoya ya kahawia, wasiotujali hata kidogo. Baisani wa mwisho wa porini hapa aliuawa mwaka 1919, baada ya vita na ujangili kuwamaliza wenzake. Waliopo leo duniani wametokana na wanyama 12 tu waliosalia kizuizini, na wa kwanza walirudishwa porini hapa mwaka 1952. Udugu huo wa karibu huwapunguzia kinga dhidi ya maradhi, na tangu mwaka 2022 uzio wa chuma wenye kimo cha mita 5.5, uliojengwa mpakani na Belarusi, umezidi kuwatenganisha wanyama wa pande mbili za msitu, wakiwamo mbwamwitu na linksi, aina ya paka-mwitu wakubwa.