Kompyuta ikibadilishwa, leseni ya Windows ndani ya mashine pepe hubaki?

Katika ofisi ndogo ninazozihudumia hapa Tabora, hasa za vyama vya wakulima wa tumbaku ambavyo bado vinategemea programu ya hesabu iliyoandikwa kwa ajili ya Windows ya zamani, mashine pepe, yaani kompyuta ya kubuniwa na programu inayoendeshwa ndani ya kompyuta halisi, imekuwa njia ya kuaminika ya kuitunza programu hiyo ndani ya kompyuta mpya. Swali linalorudi kila mara ni hili: umeme ukiunguza ubao mama na kompyuta ikabadilishwa, Windows iliyomo ndani ya mashine pepe itadai kuamilishwa upya, yaani leseni yake ithibitishwe tena na Microsoft?

Tangu Windows XP ya mwaka 2001, Windows hujitengenezea alama ya utambulisho kutokana na maunzi (vifaa vya kompyuta) unayoyaona, na maunzi hayo yakibadilika kupita kiasi, unahesabu kwamba umehamishiwa kompyuta nyingine. Mashine pepe, hata hivyo, haiuoni ubao mama halisi wala diski halisi. Inaona vile vilivyobuniwa na programu inayoiendesha, kama VirtualBox, VMware au Hyper-V. Ndiyo maana unaweza kubadilisha karibu kila kitu katika kompyuta mwenyeji (ile halisi) na mgeni (Windows iliyomo ndani ya mashine pepe) asihisi lolote, isipokuwa prosesa, ambayo kwa kawaida jina lake hupenya hadi ndani.

Kinachovuruga mambo mara nyingi ni sisi mafundi wakati wa kuhamisha. VMware inapogundua kwamba faili zimebadilisha mahali, huuliza kama umeihamisha mashine au umeinakili, na ukijibu kwamba umeinakili, huipa UUID mpya (namba ya utambulisho wa mashine) na anwani mpya ya MAC (utambulisho wa kadi yake ya mtandao). VirtualBox nayo, wakati wa kuingiza mashine iliyosafirishwa, hukuachia uchague kama anwani za MAC zibaki au zitengenezwe upya. Nawasihi mafundi wenzangu wasipite hapo kwa haraka: kama mashine ni ileile na ile ya zamani haitawashwa tena, utambulisho wake ubaki. Kuitoa VMware na kuipeleka VirtualBox ni jambo jingine kabisa, kwa sababu maunzi yote pepe hubadilika kwa mpigo, na hapo ni busara kujiandaa kuamilisha upya.

Kuna jambo zito zaidi ambalo naona linapuuzwa. Mfumo kukubali kuamilishwa si ushahidi kwamba una haki ya kuutumia. Masharti ya leseni ya Windows 10 yanaruhusu nakala moja katika kifaa kimoja, kiwe halisi au pepe. Kwa hiyo leseni iliyokuja na kompyuta mpakato haimfuniki mgeni aliyemo ndani yake, na leseni ya aina hiyo, iliyofungwa kiwandani, haihami kompyuta inapokufa. Ile ya rejareja huhamishika, mradi iondolewe kule ilikotoka. Kwa upande wa Windows Server, ile ya kompyuta za seva, toleo la Standard, kori zote (viini vya prosesa) za seva zikishalipiwa, na zisipungue 16, huruhusu mashine pepe 2, ilhali Datacenter haiweki kikomo.

Fedha za wakulima zinapitia katika hesabu hizi, na sikubali zikae juu ya mfumo ulioamilishwa kwa vijiprogramu vya wizi vinavyozunguka kwenye flashi, ambavyo hudai kwanza uzime kinga ya virusi.

Ushauri wangu kwa chama chenye bajeti ndogo ni kuweka Debian, mfumo endeshi huria wa Linux, katika kompyuta mwenyeji, kwa kuwa haina uamilishaji wowote, kisha kununua leseni moja ya rejareja kwa ajili ya mgeni. Kabla ya kuhama, amri ya slmgr /dli iendeshwe ndani ya mgeni ili kuona leseni ni ya aina gani, kisha mashine pepe izimwe kabisa badala ya kusimamishwa tu, na faili ya .vmx au .vbox, inayobeba utambulisho wote, inakiliwe pamoja na diski, huku ufunguo wa bidhaa na risiti vikihifadhiwa katika jalada la ofisi.