Miezi minne na siku kumi za kusoma kwa sauti

Mwenzenu nilipotea kidogo, mnisamehe. Mume wa shangazi yangu alifariki, shangazi akaingia eda (ile miezi minne na siku kumi mjane anakaa ndani), na kwa vile mimi ndo sina mume wala ofisi ya kuripoti asubuhi (kazi yangu iko kwenye laptop, bando likikata na kazi imekata) kikao cha ukoo kikaamua niende Tanga nikakae nae. Hakuna aliyeniuliza. Nikabeba begi moja la nguo na lingine la vitabu, vile ambavyo nimekuwa nanunua miaka mitatu sasa na kuvipanga tu kwenye shelfu, si unajua tena, mtu ukishakilipia kitabu unajihisi kama ushakisoma.

Mwezi wa kwanza nyumba ilikuwa imejaa, watu wanaingia wanatoka, sufuria haziishi kuoshwa. Baada ya arobaini kimya. Yaani kimya cha Ngamiani saa nane mchana, jua kali, hata kuku hawataki kutembea. Shangazi ana mtoto wa jicho kwa hiyo kusoma hawezi, tv kaizima mwenyewe, redio anasikiliza taarifa ya habari na vifo basi. Siku moja nipo mkekani nasoma nacheka peke yangu akanambia, "We mtoto, kama kuna la kuchekesha humo si utusomee na sisi."

Ndo ikaanza hivyo, na kiukweli sijawahi kusoma vitabu vizuri kama nilivyosoma hiyo miezi, kwa sababu nilikuwa sisomi mwenyewe.

Cha kwanza nilichomsomea kilikuwa Barua Ndefu Kama Hii cha Mariama Bâ wa Senegal. Nilisita kwanza, maana kitabu chote ni mwanamke yupo eda anamwandikia shoga yake wa utotoni, nikaona huku si ndo kumtonesha mtu kidonda. Lakini nilipomwambia tu kwamba kuna mama anaitwa Ramatoulaye, mwalimu, watoto 12, mume kafa ghafla kwa moyo na yeye kakaa ndani anahesabu siku, shangazi akavuta mto akajiweka sawa. "Miezi minne na siku kumi?" Hizo hizo shangazi. "Huko huko Senegal?" Huko huko. Akashangaa kweli, kwake yeye eda ilikuwa kitu cha pwani na Uarabuni, hakuwahi kuifikiria Dakar, alidhani huko ni Wafaransa tu na mpira.

Kwa ambaye hajakisoma: mume, Modou, baada ya ndoa ya miaka 25 alikuwa kamuoa Binetou, rafiki wa binti yake mwenyewe, mtoto aliyekuwa anakuja pale nyumbani kusoma pamoja na bintiye kwa ajili ya mitihani. Na Binetou hakumpenda, ni mama yake ndo alisukuma, alitaka kutoka kwenye dhiki, akapata nyumba na safari ya Makka na mtoto akaachishwa shule. Nilipofika hapo nilitegemea shangazi amchambe Binetou kama wanavyochambwa wake wadogo wote kwenye vibaraza vya Tanga. Hakumgusa. Alisema, "Huyo mtoto kauzwa," akanyamaza, akaniuliza maji ya kupikia wali nishaweka.

Alafu kuna ile sehemu ya mirathi. Mtu akifa mambo yake yote yanawekwa mezani, na Ramatoulaye ndo anagundua kwamba nyumba aliyojengewa mke mdogo imepatikana kwa mkopo wa benki, na dhamana ya mkopo ni nyumba anayokaa yeye, waliyoinunua kwa kujinyima wote wawili, ila hati ina jina la mume peke yake. Niliisoma hiyo sehemu haraka haraka kwa sababu wiki ile ile walikuja wazee wawili na karatasi ya kiwanja cha Pongwe ambacho shangazi hakuwahi kukisikia. Nikajua kanisikia tu. Akasema rudia hapo pa hati. Nikarudia.

Ila kilichomuinua mkekani ni Tamsir. Huyu ni kaka wa marehemu, anakuja siku ya arobaini, kaongozana na imamu kabisa, anamwambia mjane ukitoka eda nitakuoa. Shangazi akapiga kofi goti lake, "Na eda hajamaliza! Haramu hiyo! Na imamu kakaa hapo anaangalia?" Mimi nimekisoma kile kitabu mara mbili kabla, mara ya kwanza chuo, tukaandika insha kuhusu ukoloni na ndoa za mitala na nini sijui, na si mimi wala mhadhiri aliyewahi kusema kwamba yule bwana kavunja sheria ya dini ile ile anayojifichia. Mtu kaona kwa kusikia mara moja, chakula kikiwa jikoni. Halafu Ramatoulaye anafungua mdomo baada ya miaka 30 ya kukaa kimya anamwambia shemeji yake ukweli wote, hapo nililazimika kusoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa na mbaazi mkononi.

Mariama Bâ alitoa hicho kitabu kwa Kifaransa mwaka 1979, kikapata tuzo ya Noma 1980, na 1981 akafariki. Riwaya yake ya pili ikatoka mwenyewe hayupo. Nilipomwambia shangazi akasema innalillahi kama vile anamjua.

Sasa kwa vile nilikuwa na mjane mmoja anayemwandikia mwanamke mwenzie nikakumbuka kuna mwingine, wetu. Mwana Kupona. Utendi wake ni wa 1858, alikuwa mjane wa Bwana Mataka, yule mtawala wa Siyu, kule kisiwa cha Pate, aliyewasumbua masultani wa Zanzibar, na yeye anaumwa kitandani anamuita binti yake aje aandike:

Ndoo mbee ujilisi
na wino na karatasi
moyoni nina hadithi
nimependa kukwambia

Shangazi hizi beti anazijua! Sio zote, vipande, alizisikia kwa bibi zake wakati wa kufunda wari, lakini hakuwa anajua kama zina mwenyewe, mtu aliyekuwa na jina na ugonjwa na mtoto wa kike. Alidhani ni maneno ya watu tu, kama methali.

Mimi na Mwana Kupona tuna ugomvi wa siku nyingi nisifiche. Mtii mume, mume akiwa na hasira nyamaza, siku ya kiyama radhi ya mume ndo itakupeleka peponi... nilikuwa nafunga kitabu kila nikifika hapo. Safari hii nikasoma mpaka pale anaposema mume mtunze kama mtoto mdogo asiyejua kusema, na shangazi akacheka, cheko la kwanza tangu msiba, akacheka mpaka ushungi ukadondoka. "Kasema kweli mama wa watu. Mtoto mdogo. Umlishe, umfute, umlaze." Akafuta machozi. Sijui alikuwa anacheka au nini mwishoni pale. Nikajiuliza huyu Mwana Kupona nimekuwa namsomaje miaka yote hii, kwa sura ya mtihani, wakati inawezekana kabisa na yeye alikuwa anatabasamu pembeni ya mto. Bado sikubaliani nae. Lakini sifungi tena kitabu.

Ushairi mwingine haukwenda vizuri hivyo. Nilijaribu Kichomi cha Kezilahabi, wa 1974, mashairi huru, na mimi nampenda sana Kezilahabi, nikasoma kwa madoido yote, shangazi akasikiliza mpaka mwisho kwa adabu alafu akasema, "Mzuri huyu baba. Sasa shairi linaanza saa ngapi?" Yaani ule ugomvi wote wa wanamapokeo na wanamabadiliko (shairi lazima liwe na vina na mizani au si lazima) nilioukariri chuo umeisha kwa swali moja. Kwa Abdilatif Abdalla ndo tukaelewana, Sauti ya Dhiki. Yule alifungwa 1969 mpaka 1972 kwa kijikaratasi chake cha kuikosoa serikali, Kenya: Twendapi?, akawa anaandika mashairi kwenye karatasi za chooni huko gerezani, na humo kuna shairi linaitwa Kuno Kunena ambalo ni k na n mwanzo mwisho, jaribu kulisoma kwa haraka uone ulimi utakavyokufunga. Watoto wa jirani walikuwa wanakuja jioni kushindana nalo. Shangazi alitaka kujua karatasi za chooni za jela zilikuwa laini au ngumu, maana wino huwa unasambaa. Sikuwa na jibu.

Kitabu kilichotuchukua muda mrefu ni Peponi. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka 1994, akapata Nobel 2021, na ya Kiswahili aliyoitafsiri Ida Hadjivayanis imetoka 2022, yaani miaka 28 stori ya pwani yetu inazunguka duniani ndo irudi nyumbani kusomwa kwa lugha waliyokuwa wanaongea watu wake. Mtoto Yusuf wa miaka 12 anatolewa na baba yake kwa tajiri Aziz kufidia deni, na anaambiwa anaenda kutembea kwa mjomba. Sehemu za msafara bara, mizigo, wapagazi, mbu, shangazi alikuwa anasinzia na mimi sikumlaumu, ni ndefu. Lakini turudi kwenye ile nyumba yenye bustani na ukuta, ambayo ndani yake kuna mke wa tajiri, Zulekha, ana alama usoni na hataki kuonekana, na anaanza kumuita Yusuf ndani, na Yusuf ni kijana mzuri wa sura... shangazi macho yamefumba akasema, "Atamchania shati."

Nikaduwaa. Nimefunua kurasa mbele kimya kimya. Kwa nyuma, akaongeza. Atamchania kwa nyuma.

Na ndo ilivyo. Sura ya Yusuf ya kwenye Kurani nzima, yule mke wa bwana wake anayemchania shati kwa nyuma, imelala mle ndani na mimi niliyesoma kitabu kwa Kiingereza miaka sita iliyopita nikaandika mpaka uhakiki sikuiona, niliona biashara na Wajerumani. Tena mbaya zaidi, madrasa nilipitia.

(Usiku nilikuwa nasoma kwa simu The Vegetarian ya Han Kang, yule Mkorea wa Nobel ya 2024. Hiyo sikumsomea, nilimhadithia tu: mwanamke kaota ndoto kaacha kula nyama, baba yake anamlazimisha mbele ya ukoo mzima mpaka anamtia mdomoni. Sikumwambia ni nyama gani. Akasema mtu hali nyama imepungua nini kwao, si inabaki.)

Siku ya mwisho shangazi alioga mapema, akavaa dira la manjano ambalo sikujua analo, akajifukiza udi mpaka nyumba nzima ikanukia. Mawifi walikuwa wanakuja saa nne. Nipo nafunga begi akaniita chumbani.

"Njoo na daftari lako na kalamu."

Nikaenda nikakaa chini nikafungua ukurasa mpya. Moyo unanidunda, nasubiri hadithi.

"Andika," akasema. "Kiwanja cha Pongwe. Simenti mifuko minane, nililipa mimi, hela ya vitenge. Tarehe ntakumbuka. Weka kwanza simenti."