Nilivyolifanya gitaa langu lilie kama la Mojave 3

Kwa miezi minne niliamini kwamba nilichokosa ni pedali moja zaidi, kile kijisanduku cha kukanyagwa kinachobadilisha sauti ya gitaa. Nilikuwa nimepania kulipata gitaa la bendi ya Mojave 3, ile sauti ya pole inayoelea juu ya mwangwi na papo hapo inanukia muziki wa kantri wa Marekani, na kila niliposhindwa nilinunua kifaa kingine cha mtumba na kukiunganisha kwenye mkururo uliokuwa tayari umejaza sakafu ya sebule yetu, Nakuru.

Kosa langu lilitokana na kuisoma historia ya bendi hiyo nusunusu. Nilijua kwamba Neil Halstead, Rachel Goswell na mpiga ngoma Ian McCutcheon walitoka Slowdive, bendi ya Reading, Uingereza, iliyopiga shugeizi (shoegaze, yaani kutazama viatu), mtindo ambao jina lake lilianza kama kejeli kwa wapiga gitaa waliosimama jukwaani wameinamia viatu vyao, hali walikuwa wakitazama pedali. Nilichokipuuza ni kwamba mwaka 1995, walipoanza upya kama Mojave 3, waliondoa sehemu kubwa ya ule ukuta wa sauti nzito za gitaa zilizorundikana ambao shugeizi hujenga, wakaleta gitaa la akustiki, uimbaji wa karibu na sikio, na katika baadhi ya nyimbo gitaa la stili, lile linalolazwa na kupigwa kwa kipande cha chuma kinachoteleza juu ya nyuzi. Mimi nilikuwa nikijenga ukuta ambao wenyewe walishaubomoa.

Gitaa la stili sikuwa nalo, wala sikujua mtu wa kuniazima. Sauti yake, hata hivyo, niliifahamu tangu utotoni, kwa sababu baba yangu, kama wazee wengi wa Kenya, ni mpenzi wa kantri, na kanda zake za mwimbaji wa kantri Jim Reeves zilikuwa ndizo redio yetu ya Jumapili. Nilianza kuigiza kwa gitaa la kawaida. Kidole kidogo kilikandamiza uzi wa 1 na wa 2 kwenye freti ya 8 (freti ni vile vyuma vinavyokata shingo ya gitaa), nikapata noti za C na G. Kidole cha pete, kikisaidiwa na cha kati, kikaushika uzi wa 3 kwenye freti ya 7, ambayo ni D, kisha nikausukuma polepole hadi ukafika E, huku zile nyuzi mbili zikiendelea kulia bila kutikisika. Hapo D inapogeuka E, akodi ya C, yaani noti za C, E na G zikilia pamoja, inakamilika masikioni mwako, na ndiyo kilio chenyewe cha kantri. Vidole viliniuma wiki nzima, na mara nyingi E yangu ilikuwa chini kidogo, jambo ambalo mwangwi haulifichi hata kidogo.

Zoezi hilo ndilo lililonionyesha ubaya wa mkururo wangu. Pedali ya kukwaruza sauti haivumilii nyuzi tatu zinazolia pamoja huku mmoja ukipanda: inazigonganisha na kuzaa mngurumo ambao haumo katika akodi. Isitoshe, nilikuwa nimeutanguliza mwangwi mbele ya mkwaruzo, mpangilio unaofaa kwa ukuta wa shugeizi kwa sababu mkwaruzo unautafuna mwangwi wote ukawa wingu moja, lakini wingu hilo humeza kila mtelezo. Nilitoa pedali tano, nikabakiza mwangwi mrefu peke yake, nikawa ninadonoa nyuzi sauti ikiwa imefungwa, halafu naifungua taratibu kwa kitasa cha gitaa, ili noti iingie bila mlio wa kucha.

Jioni niliyoupiga wimbo mzima bila kukatika, baba alikuwa akisoma gazeti. Hakuinua macho.

“Kijana wangu, ile posho mill umeipeleka wapi?”

“Nimeizima, Baba.”

“Basi rudia hapo mwanzo.”